Gari Lililouzwa Ndani ya Eda

Tulikuwa vizuka wawili, wajane wa mume mmoja, ndani ya chumba kimoja, mimi na mke mwenzangu, na wala hatukupendana. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani nasimulia habari za malaika. Mume wetu alikufa Tororo kwa homa ya siku tano, miaka ile sura ya Malkia ilipokuwa bado ngeni kwenye sarafu, na shilingi ilikuwa moja Busia, Kisumu na Kampala. Alituachia nyumba yenye uwanja mbele, na ndani ya uwanja gari moja. Watu wa mazishi walipotawanyika tukabaki mimi na yeye kutazamana, miezi minne na siku kumi.

Anayeijua eda hahitaji kuambiwa. Hutoki, hujipambi, hutii wanja machoni. Mwanamume asiye maharimu wako, anayeweza kukuoa, hakuoni. Akiwa na neno la lazima anakaa barazani, wewe uko ndani, na pazia katikati. Sasa fikiria uifanye hiyo na mke mwenzio, mkeka kwa mkeka, kuanzia alfajiri. Mimi nina mdomo, sikatai. Msamia wa Lumino, baba yangu alisilimu akiwa katika biashara ya ngozi, na nyumbani kwetu hata sala ya mtu ilisikika kwa jirani. Yeye Bi Mkubwa, ndivyo mji mzima ulivyomwita, alikuwa mama mnene wa taratibu, na neno lake la asubuhi ungeweza kulisubiri mpaka adhuhuri. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ya ndoa, mimi mitatu. Alikuwa na binti mmoja, ameolewa Busia. Mimi sikuwa na mtoto. Nilimwona mtu baridi, asiye na habari na dunia. Mtume! Nilikuwa mjinga kiasi gani.

Marehemu alikuwa dalali wa magari, lakini si magari ya kubebea matoke. Yeye aliuza magari ya mbio. Wazungu wa serikali na wa mashamba walikuwa wakihamishwa kila mara, huyu apelekwa Tanganyika, yule arudi kwao, na mtu anayehama wiki ijayo hauzi, anatupa. Marehemu alikuwa pale kuokota. Halafu anasubiri. Maana gari jipya la namna ile hukulipata kwa kuwa na pesa tu. Uliandika jina lako kwa wakala, ukaambiwa ungoje meli, nayo meli ikaja na magari mawili, na mbele yako wapo watu tisa. Miezi minane, hata mwaka. Ndipo anapokuja mwenye pesa na haraka, anakuta kwa marehemu gari lililokwishatembea, linang'aa, ufunguo uko mezani. Analinunua karibu na bei ya jipya, na wengine walilipa zaidi ya jipya. Ukiona ajabu, kumbuka bei ya mahindi mwezi wa njaa.

Hilo la mwisho lilikuwa la kijani, viti viwili, bonati ndefu, na likiwashwa uwanjani vikombe vilitetemeka kabatini. Alilinunua elfu kumi na moja kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama kwa pupa, na humo akatia kila senti tuliyokuwa nayo. Siku ya tatu akalala na homa.

Arobaini ilipopita Shehe wa msikiti akaja kugawa mirathi. Alikaa barazani na wazee wawili, pamoja na shemeji yetu, mdogo wake marehemu, msafirishaji wa Busia mwenye malori mawili. Shehe akasoma mafungu: binti nusu, wake thumni tugawane sisi wawili, na kilichobaki, mafungu matatu katika manane, ni cha ndugu wa kiume. Ni sheria ya Mungu, hakuna aliyebisha. Binti alikwisha tuma neno kwamba fungu lake libaki ndani ya nyumba ya mama yake. Kwa hiyo aliyebaki wa kulipwa ni shemeji peke yake. Nyumba wazee waliithamini elfu thelathini. Likabaki gari, na vita vyote vilikuwa hapo.

"Gari la mtu aliyekufa," shemeji akasema, "tena lililokwishatumika. Elfu kumi, na hapo nimewaonea huruma."

Nilihesabu kwa vidole chini ya mtandio. Gari likiwa elfu kumi, pamoja na nyumba ni arobaini, na fungu lake shemeji ni kumi na tano. Atalichukua gari na bado atatudai tano. Tano hatuna, basi nyumba inauzwa, na sisi tunatoka na mikeka yetu kichwani. Lakini gari likifika kumi na nane, fungu lake nalo ni kumi na nane sawasawa. Anachukua hizo, na nyumba haiguswi. Elfu kumi na nane! Nikataka kupiga kelele. Bi Mkubwa akanifinya paja, akaninong'oneza, nami nikasema alilonituma.

"Bi Mkubwa anasema gari liuzwe, Shehe. Soko ndilo liseme."

Shemeji akacheka. "Soko? Nani atakuja kupigania bei kwenye nyumba ya eda? Haya, nakubali mbele yenu. Litakalouzwa kabla eda haijaisha, hiyo ndiyo thamani yake. Lisipopata mtu, kumi yangu iko palepale."

Usimwone mpumbavu. Kwetu mtu hapigi domo la bei penye msiba. Ukienda kwa mfiwa unainamisha kichwa, unasema pole, unaondoka. Alifikiri haya hiyo itawafukuza wanunuzi. Hakufikiri kwamba haya hiyohiyo ikimwingia mnunuzi aliyekwisha kaa barazani, haitamruhusu kushusha bei. Bi Mkubwa alilifikiria hilo papo hapo, akiwa ameshika tasbihi.

Usiku ule nikamuuliza kwa nini nisemee mimi, naye mdomo anao. "Bei ikiwa na midomo miwili inashuka," akasema. "Wewe una sauti nzuri. Mimi nitanyamaza." Nilikasirika, nikidhani ananifanya mtumishi. Kumbe alikuwa ananifundisha kazi.

Wa kwanza kuja alikuwa tajiri wa duka la magari kutoka Mbale, Mhindi mmoja mnene mwenye heshima. Akatoa pole. Akaliwasha gari, akalizunguka, akaja kukaa barazani akijifuta jasho. Akaeleza kwa huruma kabisa kwamba mwaka kesho linatoka jipya zaidi, na hili litakuwa bati tu, mama, lakini kwa ajili ya marehemu atatoa elfu kumi na mbili. Bi Mkubwa hakusema kitu. Mimi nami sikusema kitu, kwa sababu mkono wake ulikuwa umenishika kifundo. Dakika zikapita. Tajiri akakohoa. Akasema kumi na tatu. Kimya. Kumi na tatu na nusu, mama, na mimi pia nina watoto. Wallahi nilimwonea huruma! Marehemu alikuwa na uso uliosema kila kitu, akifurahi unaona, akiogopa unaona. Tajiri yule mbele yake alikuwa na pazia la maua mekundu tu, na maua hayasemi kitu.

Ndipo Bi Mkubwa akaninong'oneza swali, nikalitoa kama lilivyo. "Bi Mkubwa anauliza, hilo jipya likifika Mombasa, wewe kwa wakala umeandikwa mtu wa ngapi?"

Nilimsikia akiweka kikombe chini. Akasema atarudi kesho, na hakurudi.

Nikamgeukia Bi Mkubwa, "Elfu kumi na tatu na nusu tumeziacha zitoke mlangoni!" Akasema, "Huyu hanunui gari. Huyu ana mtu amekwisha muuzia. Anataka alichukue kwangu kumi na tatu, akamuuzie mtu wake ishirini. Hiyo saba ya katikati imefanya kazi gani?" Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia kwamba miaka ishirini na miwili marehemu alipouza gari barazani, yeye alikuwa hapa ndani akichemsha kahawa, na ukuta huu si mnene. Kila bei aliisikia. Alikuwa anajua nani alilipa nini, kwa sababu gani, na wangapi marehemu aliwauzia kwa hasara kwa kuwa tu walimsifu. Halafu akasema jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote, mimi niliyekuja kuuza vitenge Busia miaka thelathini: bei haiko kwenye mali, bei iko kwenye haraka ya anayeitaka. Alaa! Na mimi nilikuwa nimelala karibu na mtu huyu siku sitini, namwona gogo.

Huyo wa haraka ni nani, tulimjua kwa njia ya wanawake. Kila alasiri walikuja kukaa nasi, na miongoni mwao alikuwa mke wa dereva wa tajiri yule wa Mbale. Bi Mkubwa hakumuuliza lolote. Alimpa mandazi, akamsifia mtoto, na mama yule mwenyewe akalalamika kwamba mumewe halali nyumbani, kila wiki anapeleka barua Eldoret kwa Mzungu wa shamba la ngano anayesumbua kutaka gari la mashindano. Bi Mkubwa akamwongeza andazi jingine. "Mwambie baba watoto," akasema, "akifika tena huko, amweleze yule Mzungu kwamba gari lenyewe liko Tororo kwa wajane, na wajane hawana karani, aje mwenyewe." Basi. Hiyo ndiyo barua aliyoandika.

Mzungu alikuja siku kumi na moja kabla ya eda kuisha. Alikuja na mkewe, kwenye gari lao la shamba lililojaa vumbi. Shemeji naye akafika kutoka Busia, maana habari ilikwisha vuka, na Shehe akaitwa awe shahidi. Mzungu hakungoja hata pole zikamilike. Alilitia moto lile gari akaenda nalo barabara ya Nagongera, tukausikia mlio wake ukiondoka, ukipotea, halafu ukirudi. Bi Mkubwa alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho, na nikaona midomo yake imekakamaa.

Mkewe aliomba maji, na kwa kuwa ni mwanamke tukamkaribisha ndani. Msichana kabisa, miaka ishirini na ngapi sijui, pua imeungua jua. Alivua viatu mwenyewe bila kuambiwa, akakaa mkekani. "Nyinyi nakaa ndani siku ngapi?" akauliza kwa Kiswahili chao cha jikoni. Nikamwambia. Akaweka kikombe chini. "Miezi ine? Kwa sababu ya bwana?" Akamtazama Bi Mkubwa muda mrefu, akaushika mkono wake. "Pole sana, mama," akasema, kisha akatoka kumfuata mumewe barazani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sisi wawili tulilijua, na nje ya sisi wawili hakuna aliyelijua. Gari lile lilikuwa na ila. Marehemu alituambia sisi sote wakati wa chakula, siku moja kabla ya homa. Breki ya gurudumu la mbele kushoto, ngoma yake ya chuma ilikuwa na ufa. Ikiwa baridi haina neno, ukiijaribu mjini hutajua. Ikipata moto kwenye mteremko, gari linavuta kushoto kwa nguvu. Spea inatoka Uingereza. "Ntaliuza kabla hajajua mtu," alisema akicheka, akaongeza mchuzi. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri, lakini biashara ni biashara.

Mzungu akaanza na elfu kumi na tano. Sisi kimya. Kumi na sita. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na mimi mshindo wake niliusikia kifuani mwangu. Nikabanwa na kikohozi, nikajiziba kwa mtandio, ikatoka sauti ya ajabu, na Mzungu akadhani kizuka analia. Nilimsikia mkewe akimnong'oneza kwa ukali. Kumi na saba! Akasema mashindano yako karibu, wakala amemwambia angoje mpaka mwakani, yeye hawezi kungoja. Kumi na nane. Mama yangu wee. Nyumba ilikuwa imekwisha okoka, na mkono wa Bi Mkubwa bado umenishika. Halafu akasema, na sauti yake ilichoka, "Kumi na tisa, mama. Mwisho."

Jipya lenyewe kwa wakala lilikuwa ishirini. Shemeji hakuwa akipumua huko nje. Nilimtazama Bi Mkubwa, nikitaka kumbusu, kwa kweli nilitaka kumbusu mke mwenzangu. Akanisogelea sikioni.

"Mwambie habari ya breki."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Nikatikisa kichwa. Akanitazama tu. Basi nikaligeukia pazia, nikafungua mdomo wangu huu, nikasema kwa sauti, "Bi Mkubwa anasema amekubali."

"Sikusema hivyo."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Miezi minne karibu, hakuna mwanamume aliyekuwa ameisikia. Ilitoka nzito. "Bwana, gari hii ina ubovu," akasema. "Breki ya mbele, mkono wa kushoto, ngoma yake imepasuka. Ikipata moto inavuta. Ukishuka mteremko itakuua. Sasa sema bei yako."

Nililia. Sasa nililia kweli, kwa hasira, mtandio mdomoni. Nikaona mikeka yetu kichwani.

Mzungu aliinuka. Alitoka, akainua gari kwa jeki, akalala mavumbini na kaptula yake nyeupe, akafungua gurudumu mwenyewe. Akakaa huko muda mrefu. Aliporudi mikono yake ilikuwa myeusi, nilimwona kwenye upenyo wa pazia, na akasema taratibu, "Kumi na saba, mama. Siwezi zaidi. Na asante."

Shehe akapiga hesabu. Kwa kumi na saba, fungu la shemeji ni kumi na saba, mia sita na ishirini na tano. Pesa zote za gari zikienda kwake, bado anatudai mia sita na ishirini na tano. Leo utacheka, pesa gani hiyo, lakini sisi hatukuwa na hata mia. Wote wakamgeukia shemeji. Sikumpenda kabla ya siku ile, na baada yake sikumpenda sana. Lakini nilimsikia akisimama.

"Shehe, andika nimepokea."

"Nimeandika kumi na saba," Shehe akasema.

"Andika nimepokea haki yangu yote. Mimi nina madereva wawili barabarani, Shehe." Halafu akaongeza, "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia breki ni mbovu kabla sijalipa."

Kisha, mfanyabiashara mpaka mwisho, akamgeukia Mzungu, akapatana naye nauli ya kulibeba gari kwenye lori lake mpaka Eldoret. Nauli yenyewe haikuwa ndogo.

Walipoondoka wote tukabaki wawili mkekani. Mimi bado nilikuwa na hasira, ingawa nyumba ni yetu na hakuna wa kututoa. Hasira yangu haiondoki kwa kuambiwa. Nikamuuliza, "Kama shemeji angekataa je? Kama Mzungu angeondoka? Ungetuuza sote kwa ajili ya Mzungu wa ngano?"

Bi Mkubwa alikuwa akikusanya vikombe. "Yule msichana amekunywa maji hapa," akasema. "Ameniuliza siku ngapi tunakaa. Sitaki naye ajue jibu lake kwa sababu ya gari letu."

Nikamshikia sinia, akavipanga.

"Nawe," akaniuliza, "ningekuacha, ungemwambia?"

Ningeweza kudanganya. Nilikwisha danganya mara moja mchana ule na ulimi ulikuwa bado na joto. Lakini nilimwangalia nikaona haifai.

"Nisingemwambia," nikasema.

"Najua," akasema Bi Mkubwa. "Ndiyo maana nilisema mwenyewe."